Fedha Zisizopita Sokoni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Singida)



Bwana Katibu aliponiomba niseme machache juu ya fedha, nadhani alitazamia habari za akiba na mikopo, kama ilivyo desturi katika mikutano yetu. Niwieni radhi. Nataka kunena habari za sarafu ambazo hapana hata mmoja wenu aliyepata kuzinunulia chumvi. Na sababu yangu nitaitoa kwanza.

Baba yangu mdogo, mkulima wa upande wa Ilongero, alijiwa na mtu mmoja aliyemwonyesha sarafu ya manjano yenye picha ya tembo. Akaambiwa, "Hii ni dhahabu ya Mjerumani. Wakusanyaji wa Ulaya watakupa nyumba ya bati kwa hii moja." Mzee akauza ng'ombe wawili, akainunua. Aliponiletea mjini nalimpelekea sonara. Ilikuwa shaba tupu, tena haikupigwa kwa chuma, bali ilimiminwa katika kalibu kama kijiko. Muuzaji hakuonekana tena. Tangu siku ile nalitaka kujua ni kwa nini sarafu moja hutafutwa kwa mali nyingi, na nyingine ya umri ule ule haina bei.

Maana sarafu ya tembo ipo kweli, nayo ni yetu kuliko tunavyodhani. Sote tuliosafiri kwenda Nzega twaujua mteremko wa Sekenke, mahali madereva wanapomtaja Mungu kabla ya kukanyaga breki. Huko Iramba Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya vita ya 1914. Vita ilipoanza manowari za Waingereza ziliziba bahari, wala fedha mpya haikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, na watu walizitilia shaka noti zilizochapwa humu humu nchini. Basi katika mwaka 1916, huko Tabora, dhahabu ya Sekenke ikapigwa kuwa sarafu ya rupia 15. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Upande mmoja pana tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, pamoja na herufi T ya Tabora. Zilipigwa kama 16,000 tu, kisha mwezi Septemba Wabelgiji wakautwaa mji.

Sarafu hiyo ilizaliwa na shida. Hapana aliyewaza wakusanyaji wakati ule. Uchache wake na kisa chake ndivyo vilivyoipandisha bei baadaye. Huko huko Tabora zilipigwa pia heller 20 za shaba, nazo zilikuwa nyingi mno, kwa hiyo hata leo bei yake ni ndogo, ingawa ni za mwaka ule ule na zina T ile ile. (Neno letu "hela" latokana na hiyo heller, wengi hulitumia pasipo kujua.)

Sasa Serikali za dunia zimeona jambo hilo, zikajiuliza: kwa nini tungoje shida na bahati? Tuupange uchache wenyewe. Kenya ilitoa sarafu za dhahabu mwaka 1966 kwa kutimia miaka 75 ya Mzee Kenyatta. Uganda ilitoa za fedha na za dhahabu kwa ajili ya safari ya Papa Paulo VI mwaka 1969. Zamu yetu ilikuja mwaka 1974, ilipotolewa shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru, zote za fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Nchi nyingi zilitoa sarafu kama hizo wakati ule, ili sehemu ya faida isaidie kuhifadhi wanyama wa porini.

Ziangalieni hesabu hizo vema. Noti zetu wakati ule zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100. Nani mwenye duka aliyepata kuhitaji shilingi 25? Na mtu wa mshahara wa chini angefanya kazi miezi kadhaa apate ile moja ya duma, kisha angemwendea muuza nyama gani akarudishiwe chenji? Kwa sheria ni fedha halali. Kwa kweli ni bidhaa, kama vile stempu nzuri. Kiwanda cha Uingereza huzing'arisha kama kioo, huzitia katika visanduku, na mtu aliye mbali huzinunua kwa bei ipitayo thamani iliyoandikwa juu yake. Kwa kuwa hatazitumia kamwe, hazirudi benki kudai kitu, na faida hubaki kwa kiwanda na kwa Serikali iliyoazima jina lake na nembo yake.

Mimi siuiti udanganyifu. Mnunuzi ajua anunuacho, na ikiwa faru amepata mlinzi kwa njia hiyo, si hasara. Walakini sikosi kuona haya kidogo kwamba faru wetu alikaa katika visanduku vya Ulaya, ilhali mtoto wa Singida hakumwona katika sarafu hiyo. Mtoto huyo alimjua sungura wa senti 50, na mbuni wa senti 20, na samaki wa senti 5, zote za mwaka 1966. Hao waliingia mifukoni, wakachakaa kwa kazi.

Neno la mwisho ni kwa wale wenye wazee vijijini, ambao huja kutuuliza kwa kuwa sisi ni watu wa ofisi. Rupia ya kawaida ya Mjerumani, ile ya fedha yenye kichwa cha mfalme wao, si utajiri, zilikuwa nyingi. Akiwa nayo mzee, asiisugue kwa majivu wala mchanga, maana wakusanyaji huikataa iliyokwaruzwa. Na akijiwa na mtu mwenye tembo wa dhahabu, aiweke kwanza mizanini kwa sonara, kabla ya kumfungua ng'ombe kamba.

Baba yangu mdogo angali na ile shaba. Ameiweka juu ya kizingiti cha mlango, wala hataki tuitupe.

Mwenye swali na aulize.