Bei ya Kibaba

(Mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya wafanyakazi na akina mama wa mtaa mmoja jijini Dar es Salaam.)



Mmeniita nizungumzie kupanda kwa bei za vyakula. Nilikusudia kuanzia mbali, katika masoko ya dunia, lakini mama watoto aliniwekea mezani daftari lake la matumizi, nikaona hotuba yangu imekwisha kuandikwa.

Mwanzoni mwa mwezi, mshahara ukiwa bado mfukoni, tulinunua mafuta ya kula kwa lita, shilingi 6,000. Kuanzia tarehe 18 tulinunua kwa kipimo cha shilingi 500. Tulipopima, tuliona kwamba vipimo 14 ndivyo vinavyojaza chupa ya lita moja. Yaani mafuta yale yale, katika duka lile lile, yalitugharimu shilingi 7,000. Bei ya lita haikupanda hata senti. Sisi ndio tuliokuwa tumepungukiwa.

Ndugu zangu, kwangu mimi tarehe 18 huja mara moja kwa mwezi. Kwa kibarua anayelipwa jioni na kupika usiku ule ule, kila siku ni tarehe 18. Hununua mafuta kwa kipimo, sukari kwa kifuko, mkaa kwa kopo. Mwenye kipato kidogo kuliko wote ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote.

Sisemi kwamba misukosuko ya dunia si kitu. Vita vilipozuka Ukraine Februari 2022, nchi ile inayouza ng'ambo mafuta mengi ya alizeti ilifungiwa njia. Aprili mwaka huo Indonesia, inayoongoza kwa mawese, ilizuia kwa muda kuyauza nje. Sisi tuna alizeti ya Singida na Dodoma, lakini sehemu kubwa ya mafuta tuliyokula ilitoka nje, nasi tukaumia. Mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua kubwa kukwamisha uzalishaji viwandani, kilo ya sukari ilipita shilingi 4,000 mahali pengi, ingawa bei elekezi ilikwisha tangazwa. Mapigo hayo yalimfikia kila mtu, ila mnunuzi wa kibaba yalimfikia yakiwa yamezidishwa.

Wako watakaosema: Serikali na ipange bei. Tulikwisha kufanya hivyo. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973, ikapanga bei za bidhaa nyingi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilipoadimika, bei rasmi ilibaki katika karatasi na sukari ikapita kwa magendo. Somo lake ni wazi: bei isiyokuwa na bidhaa nyuma yake ni maandishi tu.

Wala tusimgeuze kila mwenye duka kuwa mlanguzi. Yeye naye hununua kwa jumla, humwagikiwa, na hukopesha watu wasiorudi. Hata hivyo, tusifumbie macho kipimo kilichopondwa kitako. Huko shambani mkulima huibiwa kwa lumbesa, gunia lililozidi. Huku mjini mlaji huibiwa kwa kopo lililopungua. Ni dhuluma moja yenye ncha mbili, na Wakala wa Vipimo hauna budi kuifuata hadi vichochoroni, si kuishia kwenye mizani ya masoko makubwa.

Basi tufanye nini? Alizeti ilimwe zaidi na kukamuliwa hapa nchini. Hiyo ni kazi ya miaka. Iko kazi ya wiki hii. Akina mama wa mtaa huu wanajua kucheza upatu. Kwa nini fedha hizo zinunue vyombo tu? Kaya kumi zikichanga kila jioni kile kidogo ambacho zingempa muuza kipimo, baada ya siku chache zitanunua dumu la lita 20 na kugawana lita mbili mbili, kwa chupa ambayo kila mmoja anaiona. Wa kwanza kuhesabiwa awe kibarua, maana ndiye anayedhulumiwa zaidi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba cha nani. Kwa muda mrefu haba zetu zimejaza kibaba cha mwingine. Umefika wakati zijaze cha kwetu.