Kila Chombo na Mahali Pake

Haya ndiyo maneno ambayo fundi mmoja wa Ruiru aliwaambia wakulima na mafundi wenzake.

Nimeombwa niseme machache juu ya kutunza vyombo vya kazi. Huenda mtu akauliza, "Nani asiyejua hayo?" Mimi nami nilidhani nayajua, mpaka jioni moja mtoto wangu alipokanyaga msumeno wa kupogolea kahawa niliouacha majanini. Alishonwa wayo, wala hakwenda shule kwa majuma mawili. Na msumeno ule nilikuwa nikiutafuta tangu asubuhi!

Basi nilitwaa ubao mpana nikaupigilia ukutani mwa karakana, nikatundika kila chombo msumarini pake, kisha nikachora umbo lake kwa mkaa. Chombo kikiondolewa, umbo hubaki tupu, nawe huwezi kufunga mlango bila kuuliza nyundo iko wapi. Jirani akija kuazima, naandika jina lake katika karatasi na kuitundika mahali palepale. Wako waliochukizwa na karatasi hiyo, lakini vyombo hurudi.

Ninyi mafundi wa magari, nawasihi msichanganye spana za inchi na za milimita katika sanduku moja. Spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Katika nati ya 13 haiingii. Katika nati ya 12 hucheza, na ukiikaza kwa nguvu hula pembe za nati mpaka isishikike tena. Fundi huilaumu nati, kumbe kosa ni la sanduku. Zangu za inchi nimezipaka rangi nyekundu mikiani.

Nanyi wakulima, mwajua kwamba kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa hapa kwetu mwaka 1985, hustahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini ustahimilivu huo si kinga ya kila ugonjwa. Yako magonjwa ya gome, yaletwayo na ukungu uitwao Fusarium, ambayo husafiri juu ya makali ya msumeno kutoka mti mgonjwa hadi mti mzima. Pangusa makali kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuhamia mti mwingine. Jioni osha, kausha, paka mafuta kidogo, ndipo utundike. Hasa katika mvua za Machi hadi Mei, ambapo chuma hushika kutu upesi.

Bomba la kunyunyizia dawa lisilale kamwe chumba kimoja na unga. Nimeona nyumba zaidi ya moja zifanyazo hivyo.

Mtoto wangu amepona, na sasa yeye ndiye mkaguzi wa ubao. Juzi alinikataza kufunga mlango kwa ajili ya patasi moja iliyokosekana. Tuliitafuta kwa taa muda mrefu, nayo ilikuwa mfukoni mwangu.