Mjane Kijana Anapotaka Kuolewa Tena
Msikilizaji, arobaini imepita, na shemeji kakaa sebuleni: “Huyu mke ni wetu, mahari tulitoa sisi.” Hapana, shemeji! Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kuishi apendapo, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, mila ziseme zisemavyo. Aliyeolewa Kiislamu amalize eda kwanza: miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito.

Basi dada, ukipata wa kukupenda, mpende. Ila cheti cha kifo cha marehemu kitunze, na mirathi ifunguliwe mahakamani kabla posa haijapokelewa. Mchumba anayekuambia achana nayo, huyo mwulize kwa nini.