Daftari Lisilokaguliwa

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, semina ya siku moja)

  Karibuni, benchi ni moja na chai ni moja.

Tunajua wengi wenu mlikuja mkitegemea tuongee juu ya kuandika hesabu na namna ya kuomba msaada. Hayo yatakuja baada ya chakula. Asubuhi hii tunataka kuongea habari ya daftari lingine. Hilo mweka hazina halioni, na ofisa wa vikundi akija kukagua hawezi kuliuliza. Ni lile la moyoni. Mwenyekiti alipotuuliza mada ya leo tulimwambia ni kuamka kiroho, akacheka, akasema, “Hiyo si ya padre?” Tukamwambia hapana, hata sisi watu wa maendeleo tulikuwa tumelala.

Hebu tuanze na aibu yetu wenyewe, maana si haki kuwaambia watu wafungue daftari lao na letu tumelikalia.

Mwaka 2014 tulikuwa tunasaidia kikundi kimoja cha mwethya, wanachama 31, akina mama 26. Tukawatafutia pesa za tangi la mawe la lita 50,000 kando ya kanisa la kigango, livune maji ya paa. Hesabu ilikuwa nzuri kabisa. Paa la mita 20 kwa 8 ni mita mraba 160, na milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita mraba moja ni lita moja ya maji. Mvua ikifika milimita 300 kwa msimu, ni kama lita 48,000, ukitoa kidogo inayomwagika kwenye gata. Wanachama walibeba mawe na mchanga, wakamsaidia fundi. Siku ya kufungua mbuzi alichinjwa na picha zikapigwa. Tulivaa tai.

Kufikia mwaka 2016 mfereji ulikuwa umevunjika na ufa umeingia chini ya ukuta. Maji yote yakanywewa na udongo. Fundi alitaka shilingi 3,500 tu. Watu 31 hawakuchanga hata senti. Wakarudi mtoni kufukua mchanga kama zamani, mitungi ikiwa kwenye punda.

Basi tukaandika ripoti, kurasa tatu. Tulisema wananchi wa pale wamezoea kusaidiwa, hawana moyo wa kujitolea, na uongozi wao ni dhaifu. Iliposomwa ofisini tulipongezwa kwa kusema ukweli. Tukalala vizuri.

Mwaka uliofuata tulipelekwa mafungo ya siku tatu. Padre aliyetuongoza alikuwa mzee asiye na maneno mengi. Tulidhani atatuambia tuhesabu dhambi zetu. Kumbe alituambia jambo lingine: chagueni kitu kimoja mlichofanya mkaona mko sawa kabisa, mkae nacho kimya hadi kesho. Ni hayo tu. Akaenda kumwagilia maua yake.

Siku ya kwanza ilikuwa usingizi mtupu. Siku ya pili tulikasirika. Tulitaka kurudi nyumbani, tulikuwa na kazi, mtu gani analipwa mshahara akae chini ya mti? Usiku wa siku hiyo tulitoa ile ripoti kwenye mkoba (mkoba wa kazi haukutakiwa uwe huko, lakini tulikuwa nao) tukaisoma tena. Jambo dogo likatushtua. Tulihesabu. Neno “wao” lilikuwa mara kumi na tisa. Neno “sisi” lilikuwa mara moja tu, pale tuliponunua simiti.

Nyani, mnajua, hakioni kile cha kwake. Tulikuwa tumeitumia methali hiyo katika semina za watu wengi.

Tulirudi kwa kile kikundi bila gari la ofisi, bila karatasi ya kusaini. Tukasema tu: tulikosea mahali, na hatujui ni wapi, tuambieni. Kimya. Kisha susu mmoja, mwenye umri wa kutuzaa, akasema, “Nyinyi watu wa ofisi mlikuwa na haraka. Sisi tulikuwa tunawangoja mmalize kuongea.”

Akatueleza. Wanachama 14 walikuwa wanasali makanisa mengine. Tangi liko ndani ya ua la kanisa letu, ufunguo anao katekista wetu. “Hakutukataza,” akasema. “Lakini kitu kikiwa kwa mtu, lazima uombe. Na sisi hatukutaka kuomba maji tuliyoyabebea mawe.” Mikutano mitano tulifanya kabla ya kujenga. Kila mara tuliuliza, “Mmekubaliana?” wakajibu, “Ndiyo,” nasi tukaandika ndiyo. Hakuna hata siku moja tulipouliza, “Mnaogopa nini?”

Sasa mtu atasema hayo ni mambo ya tangi, kuamka kiroho kuko wapi? Ndugu zetu, kwetu sisi ndipo kulipokuwa. Hatukuona mwanga mbinguni wala hatukuanguka chini. Tuliona tu kwamba kwa miaka kadhaa tulikuwa tunamtumikia Mungu, lakini nyuma yake tulikuwa tunajitumikia sisi, tukitaka ile picha ya ufunguzi. Kuona hivyo kuliuma, na baada ya kuuma kukawa na wepesi ambao hatukuwa tumeujua.

Yule padre alikuwa wa shirika la Wajesuiti, na njia aliyotupa aliitoa kwa mwanzilishi wao, Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Habari zake inafaa mzijue, maana hakuanza kama mtakatifu. Alizaliwa mwaka 1491 kaskazini mwa Uhispania, katika familia ya wakubwa. Alipenda silaha, nguo nzuri na kusifiwa. Tarehe 20 Mei 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ikamvunja mguu mmoja na kumjeruhi wa pili. Mfupa ukaunga vibaya, ukatokeza chini ya goti. Unajua alifanya nini? Aliwaambia waganga waukate, bila dawa ya usingizi maana haikuwako, kwa sababu buti zisingemkaa vizuri! Tusimcheke sana. Sisi na ile tai yetu hatukuwa mbali naye.

Akiwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Nyumbani havikuwemo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristu na kingine cha maisha ya watakatifu. Hapo ndipo alipogundua jambo moja. Alipowaza kumfurahisha bibi mkubwa fulani kwa ushujaa wake, alifurahi sana, lakini mawazo yakiisha alibaki mkavu, hana raha. Alipowaza kuishi kama Fransisko wa Asizi au Dominiko, alifurahi pia, na furaha hiyo ilibaki hata baada ya mawazo kuisha. Hakuna aliyemwambia. Aliyaona mwenyewe kwa kujiangalia. Akaanza kuuliza: furaha hii inatoka wapi, na ile inatoka wapi?

Akina mama, swali hilo halihitaji cheti. Ukitoka kwenye mkutano ambapo umemshinda mwenzako kwa maneno, una furaha. Ifikapo saa nne usiku, ile furaha iko? Na siku uliyomkopesha mwenzako zamu yako ya merigoraundi kwa sababu mtoto wake amefukuzwa shule, jioni ulikuwaje?

Alipopona, Inyasi alikwenda Manresa, karibu na Barcelona, akakaa karibu mwaka mzima, 1522 hadi 1523, akisali na kuomba chakula. Hapo tunataka tukae kidogo, maana wahubiri wengi huruka sehemu hii. Kujichunguza kulimgeukia kukawa ugonjwa. Aliungama dhambi zilezile tena na tena, hakuamini kwamba amesamehewa. Alifunga bila kula wala kunywa kwa juma zima hadi padre wake wa kitubio akamkataza. Alifikia kutaka kujiua. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo wa Tatu alikikubali mwaka 1548. Anapotufundisha kujiuliza, anajua pia mahali kujiuliza kunakoweza kumpeleka mtu.

Kwa hiyo tunasema wazi. Mama anayepigwa nyumbani asiambiwe aende akajichunguze amekosea nini. Huyo anahitaji mahali salama na watu wa kusimama naye. Tumesikia jambo hilo likisemwa hata katika jumuiya zetu, na aliyelisema alidhani anashauri. Vilevile mtu ambaye kila usiku anajihukumu, halali, hali, anaona afadhali asingezaliwa, asiachwe peke yake na maombi. Apelekwe hospitali, na mtu amfuate hadi mlangoni. Hiyo si imani haba.

Sasa, hufanywaje? Inyasi alitaka watu wajiangalie kila siku, kwa muda mfupi. Unaanza kwa kushukuru, na hapo wengi wetu hukosea, maana tunakimbilia makosa. Shukuru kwa kitu unachoweza kukitaja: uji uliotosha, mtoto aliyepona. Halafu uombe mwanga, kwa sababu macho yetu hutuficha. Halafu uirudie siku tangu ulipoamka, saa kwa saa: nilikuwa na nani, nilisema nini, moyo ulikuwaje. Ukiona kosa, omba msamaha. Mwisho uangalie kesho, neno moja tu la kurekebisha. Dakika kumi zinatosha. Simu iwe mbali.

Na kwa jambo moja sugu, tuseme hasira au kusengenya, alikuwa na njia ambayo waweka hazina mtaipenda. Unachora mistari, kila siku mistari miwili, mmoja wa mchana na mmoja wa jioni. Kila ulipoanguka katika jambo hilo unaweka nukta. Kisha unalinganisha siku na siku, juma na juma. Ni hesabu ya kawaida. Sisi tulianza na kukatiza watu maneno. Juma la kwanza nukta zilijaa hadi tukageuza ukurasa.

Lakini msidhani kuna njia moja kwa wote. Inyasi mwenyewe alimwonya anayeongoza mafungo asimvute mtu upande huu wala ule, awe kama mizani iliyotulia katikati, amwachie Mungu ashughulike na mtu wake. Tuliposoma hayo tulikumbuka ile mikutano mitano. Mama mmoja alituambia yeye huirudia siku yake akienda mtoni alfajiri, maana nyumbani hana hata dakika moja ya kimya. Mzee mmoja hufanya hivyo akiwa na ng’ombe. Kuna kijana anayeandika. Kuna anayeweza tu akiwa kanisani mbele ya Sakramenti, na kuna anayeshindwa kabisa kanisani kwa sababu anaangalia nguo za watu. Ndugu zetu Waislamu wanayo maneno yao ya kumhesabu mtu nafsi yake, na wala hatuna la kuwafundisha hapo.

Njia yako haina maana uwe peke yako. Inyasi aliwekwa jela mwaka 1527 huko Alcalá na Salamanca, wakubwa wakishuku mafundisho ya mtu asiye na elimu. Hakukimbia. Alikuwa ameanza kujifunza Kilatini akiwa na miaka 33, akaendelea na masomo hadi Paris, na huko akapata wenzake. Mmoja wao, Fransisko Ksaveri, alitia nanga hapa Malindi mwaka 1542 akielekea India. Shirika lao lilikubaliwa mwaka 1540, lakini kwanza lilikuwa kikundi cha marafiki, kama hiki chenu, wakiulizana maswali.

Mtataka kujua tangi limefikia wapi. Wanachama walikaa wenyewe, sisi tukiwa nje ya ukumbi. Waliamua bomba litolewe mita 40 hadi nje ya ua, barabarani, na ufunguo ukae kwa kamati. Katekista alikubali, ingawa hakufurahi. Ilichukua miezi kumi na minne, hadi mwisho wa mwaka 2018, na ufa walichanga wenyewe ukazibwa. Wanachama sita hawakurudi hadi leo. Mmoja wao tukikutana naye sokoni huangalia pembeni, nasi tumeacha kumlazimisha.

Basi kabla hatujafika kwenye hesabu, mkae wawili wawili, si na jirani wa kikundi chenu. Ulizaneni: ni jambo gani tulilofanya kikundini tukaona tuko sawa kabisa? Nani hakusema kitu siku hiyo? Mtu asijibu kwa ajili ya mwenzake. Na sisi tutatoka nje kidogo, maana tumeona wingu limefunga upande wa mashariki, na mama wa jikoni ameanika mahindi.