Nyumba za Kukimbilia Ni Jambo la Wafanya Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo twataka kusema juu ya nyumba zilizowekwa kwa ajili ya wanawake na wasichana wasio na pa kukimbilia. Najua wako watakaouliza: hayo si mambo ya watu wa sadaka? Chama cha wafanya kazi chaingiaje hapo? Tutajibu, lakini kwanza tutazame nyumba mbili zilizo katika nchi yetu wenyewe.

Ya kwanza ni kijiji cha Umoja, karibu na Archers Post, katika Samburu. Kilianzishwa mwaka 1990 na wanawake 15, kiongozi wao akiwa Rebecca Lolosoli. Wengi walikuwa wamenajisiwa au kupigwa, na badala ya kuhurumiwa walifukuzwa na waume zao. Hawakungoja mtu awajengee. Kwanza walijaribu kuuza vyakula, lakini biashara hiyo haikuwafaa. Ndipo wakashika kazi ya kutunga shanga na kuwauzia watalii waendao kutazama wanyama, kisha wakafungua na kambi ya wageni. Katika mapato yake kila mwanamke hutoa fungu kwa ajili ya shule na haja nyingine za kijiji. Angalieni vema, ndugu. Fungu hilo ni kama ada yetu ya kila mwezi: kidogo cha kila mmoja, nguvu ya wote.

Ya pili ni Tasaru Ntomonok, mjini Narok. Jina hilo ni la Kimaasai, maana yake "okoa mwanamke". Agnes Pareyio alikuwa akizunguka kijiji kwa kijiji kwa miguu, akiwafundisha watu madhara ya kuwakeketa wasichana. Mwaka 2002, kwa msaada wa shirika la V-Day la Marekani, nyumba ikafunguliwa. Msichana akitoroka kukeketwa au kuozwa angali mtoto, hupewa kitanda, chakula na shule. Kisha wazazi huitwa, wakasemezwa kwa upole, ili mtoto apate kurudi kwao kwa amani wakikubali kumwacha salama.

Serikali nayo imefanya sehemu yake. Sheria ya mwaka 2001 ilikataza kuwakeketa watoto, na ya mwaka 2011 ikakataza kumkeketa mwanamke ye yote. Mwaka 1998, katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 38 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Tena sheria ya mwaka 2015 juu ya jeuri ya nyumbani yampa polisi wajibu wa kumweleza aliyepigwa msaada uliopo, pamoja na mahali pa kukimbilia. Lakini sheria haina kitanda. Usiku ule anapotoroka, msichana ataka mlango unaofunguka.

Sasa tujibu lile swali. Kwa nini mwanamke hukaa katika nyumba anamopigwa? Mara nyingi ni kwa sababu hana fedha zake, na nyumba si yake. Katika mashamba makubwa na majengo ya kampuni, nyumba huja na kazi ya mume. Mke akitoka, hana pa kuwalaza watoto. Na msichana wa kazi za nyumbani hulala kwa mwajiri wake. Akishikwa kwa nguvu na akakimbia, saa ile ile amepoteza mshahara na kitanda. Je, hayo si mambo ya kazi?

Tena, kitanda ni mwanzo tu. Mwanamke atokaye katika nyumba ya hifadhi bila mshahara, njia yake mara nyingi ni kurudi kwenye ngumi ile ile. Na nyumba inayotegemea mkono mmoja haina usalama. Mwaka 2020 Korona ilipofunga njia, watalii hawakuja, na wenye kuishi kwa soko lao wakaumia. Mfadhili naye aweza kuchoka. Mfuko wa wengi hauchoki upesi.

Kwa hiyo tunaleta mambo manne mbele yenu.

Kwanza, katika mapatano yajayo na waajiri tudai siku za ruhusa zenye mshahara kwa mfanya kazi anayekwenda polisi, hospitali au kortini kwa sababu ya jeuri ya nyumbani.

Pili, nyumba ya kazi iandikwe kwa majina ya mume na mke, ili anayepigwa asiwe ndiye anayefukuzwa.

Tatu, kila tawi lichague nyumba moja ya hifadhi iliyo karibu, na kuipelekea mchango kila mwezi, hata ukiwa mdogo.

Nne, wasichana waliojifunza kazi humo tuwasaidie kupata ajira yenye mshahara wa haki, na kuwaandikisha katika chama.

Ndugu wanaume, msiseme haya ni ya akina mama. Anayekimbia usiku ni binti wa mtu, na huenda baba yake ameketi hapa. Jambo la pili litawagusa ninyi zaidi, nasi twajua wako watakaolipinga. Na walipinge hapa mkutanoni, mbele ya wake zao, kisha tupige kura.

Umoja ni nguvu.