Safari ya Kusafisha Meno Yasiyouma: Mhadhara wa Umma



Swali la leo ni dogo, lakini lina nauli ndani yake. Mtu wa Kirando, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, asiyeumwa jino apande gari, apite Namanyere hadi Sumbawanga, alipie kusafishwa meno, na baada ya miezi sita arudi tena. Je, inalipa?

Tuanze na hicho kinachosafishwa. Anayeoga ziwani anajua kuwa jiwe lililokaa majini huota utelezi. Jino nalo kila siku huota utando laini wa vijidudu, na huo mswaki unaumudu. Ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ugaga. Chukua kioo, utazame nyuma ya meno ya mbele ya chini. Mate humwagikia hapo, na ugaga wa manjano hupenda kushika hapo kwanza. Ukishaganda, mswaki umeshindwa. Kinachobaki ni vifaa vya tabibu wa meno.

Kwa hiyo ushauri wa miezi sita ulionekana hauna mjadala. Lakini mwaka 1977 Aubrey Sheiham, bingwa wa afya ya meno ya jamii, aliuliza katika jarida la Lancet: ushahidi wa kisayansi wa kupimwa meno kila miezi sita uko wapi? Kuhusu kusafishwa, jibu zito lilichukua miaka kama arobaini. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya watu wazima 1,877 waliofuatiliwa katika kliniki 63 za Scotland na kaskazini mashariki mwa England. Wapo waliosafishwa kila miezi sita, wapo waliosafishwa mara moja kwa mwaka, na wapo ambao hawakusafishwa kabisa. Baada ya miaka mitatu, uvujaji wa damu kwenye fizi haukuonyesha tofauti ya maana. Hata hivyo wengi walisema wako tayari kulipia huduma hiyo. Meno yanayong'aa yana raha yake, na raha si haramu; ila tusiiite tiba.

Je, tufunge mjadala? Hapana. Matokeo yasomwe pamoja na waliopimwa. Hao walikuwa watu waliozoea kumwona daktari wa meno, na wenye ugonjwa mkali wa fizi hawakuhusishwa. Sisi wengi huenda jino likishatukesha usiku, na hapo mara nyingi kinachobaki ni kung'oa. Hoja yetu, basi, si miezi sita au mwaka. Ni kwenda kabla ya maumivu au baada yake.

Na kwenda mapema si lazima kuwe na mashine. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianza kutumika mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuliziba jino bila umeme. Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2002 katika huduma za msingi za kinywa, pamoja na kutuliza maumivu na dawa ya meno ya floridi ya bei nafuu. Tundu dogo likiwahiwa, jino linabaki kinywani.

Uamuzi wangu ni huu. Kama fizi hazivuji na meno hayalegei, nauli ya kila miezi sita inunue dawa ya meno yenye floridi ya nyumba nzima. Mpige mswaki mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa kabla ya kulala. Mteme povu bila kusukutua. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atoshwe na kiasi cha punje ya mchele. Lakini mwenye kisukari, mwenye jino linalocheza au tundu lililoanza, huyo asihesabu nauli.

Ndugu zangu, leo usiku mkimaliza kupiga mswaki, tazameni mlichotema. Kikiwa cheupe, laleni. Kikiwa na damu, na damu hiyo ikaendelea wiki mbili huku mkipiga mswaki vizuri, nendeni kituo cha afya hata kama hakuna kinachouma.