Mhusika wa Kuazima: Uandishi wa Paul Cornell na Suala la Umiliki



Katika ushairi wa Kiswahili, kujenga juu ya kazi ya mtunzi aliyetangulia si aibu. Mtunga takhmisi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaitanguliza mitatu yake, na ubeti ukawa wa mishororo mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliufanyia hivyo utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, na takhmisi yake huhesabiwa miongoni mwa tungo muhimu za Kiswahili cha kale. Kinyume chake, mwandishi wa riwaya anapoazima wahusika wa televisheni, mara nyingi kazi yake huwekwa kando hata kabla ya kusomwa. Mhadhara huu unalichunguza suala hilo kwa kufuata safari ya Paul Cornell, mwandishi wa hadithi za kisayansi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1967.

Cornell alianza kama shabiki. Tamthiliya ya Doctor Who, iliyoanza kurushwa na BBC mwaka 1963, ilikuwa na wafuasi waliochapisha vijarida vyao wenyewe, wakaandika humo hadithi mpya za Daktari, yule msafiri wa nyakati, bila malipo wala kibali. Tamthiliya hiyo iliposimamishwa mwaka 1989, mashabiki walibaki na mhusika asiye na jukwaa. Mwaka 1991 kampuni ya Virgin, iliyokuwa na leseni ya BBC, ilianza kutoa riwaya mpya za Daktari. Mhariri wake, Peter Darvill-Evans, alikubali kupokea miswada hata kwa watu ambao hawajawahi kuchapisha kitabu. Uamuzi huo ndio uliowavusha mashabiki kutoka kwenye vijarida hadi kwenye maduka ya vitabu.

Riwaya ya kwanza ya Cornell, Timewyrm: Revelation, ilitoka mwaka huohuo wa 1991, naye akiwa kijana wa miaka 24. Mbegu yake ilikuwa hadithi aliyoiandikia kijarida cha mashabiki. Sehemu kubwa ya matukio yake yanatokea ndani ya akili ya Daktari mwenyewe, jambo ambalo televisheni ya wakati ule isingeliweza kulionyesha kwa urahisi. Kwa hiyo, mwandishi hakurudia yaliyokwisha kuonekana kwenye skrini, bali aliingia mahali ambapo kamera haikufika.

Mwaka 1992, katika Love and War, Cornell alimbuni Bernice Summerfield, mwanaakiolojia mwenye ulimi mkali, awe mwandani wa Daktari. Hapa ndipo suala la umiliki linapojitokeza wazi. Daktari alikuwa mali ya BBC, lakini Bernice alibaki mali ya aliyembuni. Leseni ya Virgin ilipokwisha mwaka 1997, Daktari alirudi kwa mwenyewe, na Bernice akaendelea na mfululizo wake wa riwaya hadi mwaka 1999. Mwaka 1998 kampuni ya Big Finish ilianza kutoa michezo ya kusikiliza kwa kumtumia yeye, kabla haijapata ruhusa ya kumtumia Daktari. Aliyezaliwa ndani ya nyumba ya kuazima akawa na nyumba yake.

Mfano wa pili ni Human Nature, riwaya ya mwaka 1995. Ndani yake Daktari anageuka binadamu wa kawaida, mwalimu wa shule nchini Uingereza mwaka 1914, akapenda na kupendwa. Na ili awaokoe wengine hana budi kuyaacha maisha hayo. Tamthiliya ilikuwa imerejea hewani mwaka 2005 chini ya Russell T Davies, ambaye naye aliwahi kuandika riwaya moja ya mfululizo wa Virgin. Mwaka 2007 Cornell aliigeuza Human Nature kuwa vipindi viwili vya televisheni. Bernice hakuwamo, nafasi ya mwandani ilishikwa na Martha Jones. Wazo la mwandishi lilikaribishwa kwenye jumba kuu, ila mhusika wake akabaki nje.

Tukiirudia takhmisi, tofauti inadhihirika. Mtunga takhmisi haombi leseni, na mishororo yake mitatu huonekana kwa macho, kila mtu akajua kipi ni cha nani. Katika riwaya ya leseni, mchango wa mwandishi huchanganyika na wa mwenye mali, na kinachoutenganisha si kanuni ya utungo bali mkataba. Mwandishi aliyeusoma vyema mkataba wake huondoka na Bernice. Asiyeusoma huenda akaondoka na ujira tu.

Kutokana na hayo, mhakiki wa riwaya za namna hii anapaswa kuuliza maswali mawili: mwandishi ameongeza nini, na ameruhusiwa kubaki na nini? Swali la kwanza ni la sanaa, na wahakiki wa takhmisi wamelizoea. La pili ni la haki, nalo linamhusu kila kijana anayeandika leo kwa mapenzi juu ya mhusika asiye wake. Kuazima hakumpunguzii mtunzi hadhi. Kinachompunguzia riziki ni kutojua, siku ya kurudisha alichoazima, kipi kilikuwa chake tangu mwanzo.